Kupunguza tumbo kwa upasuaji: mwongozo kamili kutoka kwa fundi cherehani wa Jinja

Siku niliyolazwa nilikuwa na kilo 126 na urefu wa mita 1.63. Mimi ni fundi cherehani mjini Jinja. Nimekulia kambini, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichozungumza nyumbani tangu utotoni. Kazi yangu ni kupima miili ya watu. Futi ya fundi ina sentimita 150, na nyonga zangu zilikuwa zimefika 147. Nilikuwa na kisukari na presha, magoti yalilia kila nilipokanyaga cherehani, na dada yangu tuliyelala chumba kimoja alikuwa akiniamsha usiku kwa sababu pumzi yangu ilikuwa inakatika.

Miaka miwili imepita. Nina kilo 91, dawa za presha nimepunguziwa hadi kidonge kimoja, na dada yangu analala usiku kucha.

Wanaokuja kibandani kuniuliza, wengi huuliza kuhusu kisu. Kisu kwangu kilikuwa kama saa moja na nusu, nami nimelala. Yanayohitaji maelezo ni miezi ya kabla yake na mwaka unaofuata, na hasa mambo ya jikoni, maana karatasi ya chakula niliyopewa ilitaja brokoli, jibini na samaki wa salmoni. Ilinibidi niigeuze yote iwe ya soko la Jinja. Ninayaandika hapa kwa mpangilio ambao ningependa mtu anipe mimi. Pale daktari wako anapokuambia tofauti na mimi, mfuate yeye, kwa kuwa ameuona mwili wako.

Hatua ya 1: Jua kama upasuaji huu unakuhusu

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Kwangu: 126 kwa 1.63 ni 77.3, na 77.3 kwa 1.63 ni 47.4. Hiyo ndiyo BMI, kipimo cha uzito kulinganisha na urefu.

Kwa miaka mingi madaktari walifuata kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 na kuendelea, au 35 kama una ugonjwa unaoletwa na uzito, mfano kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii vililegeza kiwango hicho: 35 na kuendelea hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 34.9 kufikiriwa kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi ya namna hiyo. Kama una kilo 80 na unachotaka ni gomesi (vazi letu la sherehe) ikukae vizuri kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho wa ndoa) ya binti yako, njoo nikushonee gomesi. Usikate tumbo.

Jambo moja nililificha karibu hadi mwisho, nawe usilifiche. Tangu mama alipofariki nilikuwa nakula usiku peke yangu, chapati tatu au nne, taa imezimwa. Nilimweleza mshauri nasaha wa hospitali wiki chache tu kabla ya tarehe. Hakunilaumu. Alisogeza tarehe mbele miezi miwili, tukakutana kila wiki. Nilikasirika wakati ule. Leo naona miezi ile miwili ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu huzuni ile haikukatwa pamoja na tumbo. Ilirudi mwezi wa tatu baada ya upasuaji, ikanikuta nina namba ya kupiga.

Hatua ya 2: Elewa kitakachokatwa

Kwa fundi ni rahisi kuelewa. Mfuko wa chakula umepinda: upande mmoja mfupi, upande wa pili mrefu wenye kifuko juu. Katika upasuaji uitwao slivu, daktari hupitisha mpira kutoka mdomoni hadi tumboni uwe kama patani (kielelezo cha kukatia nguo), kisha huufuata kwa mashine inayokata na kupiga pini kwa mpigo mmoja. Upande mrefu hutolewa wote, karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ndiyo maana njaa hupungua, si kwa udogo wa tumbo peke yake. Kilichotolewa hakirudishwi.

Baipasi ni tofauti. Hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, na chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Huwafaa zaidi wenye kiungulia kikali, kwa kuwa slivu inaweza kukiongeza, na mara nyingi hushusha sukari kwa nguvu zaidi. Lakini mwili hupoteza vitamini nyingi zaidi, na ukila vitu vitamu sana moyo hudunda, jasho hukutoka, tumbo linaharisha. Kwa wastani slivu huondoa kama robo ya uzito wote wa mtu, baipasi kama asilimia 30.

Kuna pia puto linaloingizwa kwa mdomo bila kupasua. Mengi hutolewa baada ya miezi 6, na uzito mara nyingi hurudi.

Nilichagua slivu kwa sababu sikuwa na kiungulia, na kwa sababu nakaa mbali na Kampala: niliogopa upasuaji ambao ukikosa vidonge kwa miezi michache unakuadhibu vikali.

Hatua ya 3: Daktari, na pesa

Hakikisha daktari ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Kisha muulize ana kwa ana: amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji, je, hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi, na nani atapokea simu yako saa nane ya usiku. Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya. Mmoja alinijibu, "Mama, wewe niamini tu." Sikurudi kwake.

Katika vituo vyenye uzoefu duniani, wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza ni karibu mtu 1 kati ya 1000. Nilimsomea kaka yangu mkubwa namba hiyo kabla ya kutia sahihi. Tulinyamaza kwa muda, kisha akasema twende.

Kuhusu pesa, omba hesabu kwa maandishi, ioneshe kama ndani yake mna kitanda, daktari wa kaputi (dawa ya usingizi), pini za mashine (hizo ni ghali), dawa, siku moja ya chumba cha mahututi ikihitajika, na ziara za baadaye. Soma mkataba wa bima yako ya kazini, maana upasuaji wa uzito mara nyingi umo kwenye orodha ya yasiyolipiwa. Mimi niliuza kiwanja kidogo na kukopa SACCO. Tenga pembeni pesa ya vidonge na vipimo vya damu vya mwaka mzima kabla hujalipa shilingi ya kwanza ya hospitali. Niliona mwenzangu aliyemaliza zote kwenye upasuaji, akaanguka kwa kukosa damu mwezi wa nane.

Ukienda Nairobi au India, sharti lako moja liwe hili: rudi na ripoti kamili ya upasuaji, na uwe umeshampata daktari wa hapa Uganda aliyekubali kukuangalia.

Hatua ya 4: Vipimo

Utapimwa damu, sukari ya miezi mitatu, ini, figo, moyo, vitamini na madini ya chuma, ultrasaundi ya nyongo, na ujauzito kwa mwanamke. Wanaokoroma na kukatika pumzi hupimwa usingizi. Mimi nililalia mashine ya kusukuma hewa wiki tatu kabla. Kamera ya tumboni usiikwepe. Ndiyo inayoonesha vidonda na bakteria wa tumboni, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wa kawaida sana. Nilikutwa nao, nikameza dawa siku 14 kwanza.

Anayevuta sigara aache angalau wiki 6 kabla. Anayetumia ARV hazuiwi kwa sababu hiyo, ila amwambie daktari wa upasuaji na kliniki yake pia: vidonge vya kalisi na chuma vikimezwa ovyo pamoja na dolutegraviri huipunguzia nguvu, kwa hiyo saa za kumeza zipangwe.

Hatua ya 5: Andaa watu wa nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia zaidi ya kwenye mshono.

Sisi wa Uganda tuna kumbukumbu yetu. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoanza kuonekana upande wa Rakai, watu waliuita "slim", kukonda, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la kitabibu la Uingereza. Wazee wa mtaani kwetu walizika ndugu kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo mtu mnene akianza kupungua kilo tano, kumi, ishirini, hawaoni afya. Wanaona mwaka ule. Mteja wangu wa siku nyingi aliniletea gomesi ya kupunguza, akaniangalia mikono, akaichukua nguo yake akaondoka nayo. Sikumchukia. Nilijua anachokikumbuka.

Basi fanya hivi kabla ya kulazwa. Chagua watu wawili au watatu watakaojua kila kitu, mmoja wao awe ndiye anayepika. Waliobaki waandalie sentensi moja ya kweli, useme hiyohiyo kila mara. Yangu ilikuwa: "Nimepasuliwa tumbo, daktari ananiangalia, naendelea vizuri." Anayetaka zaidi utaamua mwenyewe.

Shangazi yangu nilikosea kumwacha nje. Alikuja kutoka Iganga mwezi wa pili akanikuta na kisahani cha chai chenye vijiko vitatu vya samaki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani amekunyima chakula?" kisha akalia. Kwake yeye kumpakulia mtu ndiyo kumpenda, na mimi nilikuwa kama ninayemrudishia mapenzi yake. Nilikaa naye jioni nzima nikimchorea tumbo kwenye karatasi ya patani. Kuanzia hapo alipokuja aliniletea mayai ya kuku wake. Waambie mapema wale wanaokupenda kwa chakula, na uwape kazi ya kufanya.

Vyombo nilivyohitaji: kisahani cha chai, kijiko kidogo cha mtoto, chujio laini, kinu, na kile kikombe cha dawa cha mililita 30. Kama kwenu mnakula sinia moja, toa chakula chako pembeni kabla wengine hawajanawa mikono, la sivyo mkono utafuata mwendo wa wenzako.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kulipunguza ini

Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta, nalo hulala juu ya tumbo. Likiwa kubwa, daktari hapati njia. Kwa wiki mbili unaacha posho (ugali), matoke, wali, viazi, chapati, sukari na soda. Unakula mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, dodo (mchicha), nakati, kabichi, biringanya, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Siku ya tatu kichwa kitauma na utakuwa mkali kwa watu. Hupita kufikia siku ya tano au ya sita.

Mwenye kisukari asianze wiki hizi bila daktari kumpunguzia dawa. Kidonge cha kisukari cha glibenklamidi au insulini ya kiwango kilekile, bila posho, inaweza kukushusha sukari hadi uzimie.

Hatua ya 7: Hospitali

Matundu matano madogo. Nilipozinduka, maumivu makubwa hayakuwa tumboni bali begani, kwa sababu ya hewa wanayoijaza tumboni ili kamera ione. Dawa yake ni kutembea. Jioni ileile nesi alinisimamisha nikatembea hadi mlangoni, nikiwa na soksi za kubana, na nikachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Tembea hata kama unalia. Pumua kwa kina kila saa ukiwa macho. Kichefuchefu kiseme mara moja, usisubiri kutapika. Nilitoka siku ya tatu.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani na dalili za kuogopa

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, na foleni ya Mukono inaweza kuzifanya saa nne. Kukaa muda mrefu hivyo huweza kugandisha damu miguuni. Tulisimama mara mbili nikatembea. Jua pia kwamba Namawojjolo wauzaji watakusukumia kuku wa mchomo na gonja (ndizi za kuchoma) dirishani, na harufu itakuliza ingawa huna njaa. Funga dirisha kabla hamjafika. Bodaboda niliiacha wiki 6, na vilevile kuinua chochote kinachozidi kilo 5, pamoja na marobota ya vitambaa. Cherehani ya miguu nilirudia wiki ya nne, nusu siku.

Nunua kipimajoto, na jifunze kuhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30 kisha uzidishe mara mbili. Piga simu na uondoke usiku huohuo ukiona lolote kati ya haya: mapigo yanazidi 120 umetulia, homa ya 38 au zaidi, pumzi fupi, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au yanayopanda bega la kushoto huku mwili ukidhoofika, mguu mmoja kuvimba, kutapika damu au choo cheusi, au kushindwa kushikilia hata maji siku nzima. Mshono wa ndani ukivuja, mara nyingi moyo kwenda mbio ndiyo dalili ya kwanza. Weka pesa ya gari ya usiku kwenye bahasha, iguswe kwa hilo tu.

Hatua ya 9: Chakula, wiki kwa wiki

Wiki ya 1 na ya 2 ni vya majimaji peke yake. Kikombe cha mililita 30 kila robo saa. Kwa saa 12 unakaribia lita moja na nusu. Maji, chai nyepesi bila sukari, supu ya mulokoni (kwato za ng'ombe) iliyochujwa na kupozwa ili mafuta yagande juu uyatoe, maziwa yaliyochemshwa na kuondolewa utando. Usinywe soda wala kutumia mrija.

Wiki ya 3 na ya 4 ni vilivyosagwa laini. Hapa ndipo mukene (dagaa) walipokuja kuwa rafiki zangu. Dada alikuwa akiwakaanga bila mafuta, anawatwanga kwenye kinu, anawachekecha kwa chujio, kisha anachanganya kijiko kimoja cha unga huo kwenye supu. Ni protini nyingi kwa bei ndogo, nami naamini hakuna unga wa kopo dukani ulionisaidia kuliko huo. Pia ngege (sato) au sangara aliyepondwa kwa mchuzi wake, yai laini, maharage yaliyochujwa maganda, na bongo (maziwa ya mgando) isiyo na sukari. Mchuzi wa karanga uwe kijiko tu, una mafuta mengi.

Wiki ya 5 na ya 6 ni vyakula laini: samaki asiye na miba, kuku wa kusaga, ndengu, parachichi kipande, malenge, dodo iliyoiva sana. Kuanzia wiki ya 7 au ya 8 unarudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo, kitu kipya kimoja kwa siku.

Lengo ni gramu 60 za protini kila siku au zaidi. Yai lina 6, kikombe cha maziwa au bongo 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa kama 20, nusu kikombe cha maharage 7. Siku yangu ya mwezi wa nne: mayai 2, vikombe 2 vya maziwa, kimoja cha bongo, samaki gramu 100, maharage nusu kikombe. Jumla 63. Matoke hayana karibu protini yoyote, na ndiyo sababu yanakuja mwisho. Kwa Mganda kuyaweka mwisho ni jambo gumu, najua. Kwetu matoke ndiyo chakula, vingine ni kitoweo. Kula samaki kwanza, mboga ya pili, na ukiwa bado una nafasi, matoke vijiko viwili.

Tafuna hadi kiwe uji mdomoni. Mlo uchukue dakika 20. Usinywe ukiwa unakula, na subiri nusu saa baada ya kula. Ukihisi kubanwa kifuani au pua kuchuruzika ghafla, umeshiba. Tonge linalofuata litarudi.

Chapati, mkate laini, posho ngumu na nyama kavu ya ng'ombe ndivyo vilivyonikwama zaidi. Rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, sijaigusa. Kikomando (chapati na maharage), chakula nilicholelewa nacho kambini, nakula maharage yake tu.

Hatua ya 10: Kutapika kukizidi

Wiki ya sita nilienda kwa ndugu, nikala robo ya chapati kwa haya. Ilikwama. Nilitapika siku tatu, hata maji. Siku ya nne nilikuwa naona vitu viwili viwili na miguu inayumba. Dada alinipeleka kliniki ndogo ya karibu, wakaandaa dripu ya glukozi na sindano ya maumivu ya diklofenaki. Walitaka kunisaidia, na ndivyo wanavyomsaidia kila mgonjwa aliyelegea. Dada aliwaomba wasubiri, akampigia daktari wangu, naye akapaza sauti: thiamini kwanza, kwenye mshipa.

Elewa sababu. Vitamini B1, yaani thiamini, akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu asiyekula vizuri akitapika siku kadhaa huimaliza. Ukimwekea glukozi kabla ya thiamini, mwili huitumia ile chembe iliyobaki ili kuichoma glukozi, na ubongo unaweza kuharibika kabisa. Macho kuona viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa ndizo dalili. Nilipewa thiamini, nikapelekwa Kampala, nikakaa siku tano. Macho yalitulia ndani ya siku mbili. Miguu ilichukua mwezi.

Kwa hiyo kutapika kukizidi siku moja, usisubiri ya pili. Na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu uziache: huchimba vidonda kwenye tumbo lililokatwa, na hatari ni kubwa zaidi kwa wa baipasi. Dawa yangu ya maumivu ni panadol. Kwenye duka la dawa watakuuzia diklofenaki bila kukuuliza lolote, hivyo mwenye kuuliza uwe wewe.

Hatua ya 11: Vidonge vya maisha

Multivitamini kila siku. B12 ya kumeza kila siku, au sindano ya maikrogramu 1000 kila mwezi. Mimi nachoma, kwa sababu sindano siisahau. Kalisi miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ukigawa mara mbili au tatu. Chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Vitamini D kadiri ya kipimo chako. Chuma na kalisi vipishane saa mbili, na chuma usikimeze na chai, chai hukizuia. Ratiba yangu nimeibandika kwenye kichwa cha cherehani: chuma asubuhi kwa maji, kalisi mchana na usiku. Damu napima mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Miezi inayofuata

Nywele zilianza kunyonyoka mwezi wa nne, zikaacha mwezi wa nane. Ni mshtuko wa kupungua haraka, na nyingi huota tena ukila protini na chuma. Uzito ulisimama wiki tano bila kushuka. Futi ndiyo iliyonituliza, kiuno kilikuwa kinapungua sentimita wakati mizani imelala. Pima kwa vyote viwili. Nguo usizikate mwaka wa kwanza, pinda kwa mshono wa mkono. Ngozi ililegea mikononi na tumboni, na haijarudi.

Kupungua haraka kunaweza kutengeneza mawe ya nyongo; muulize daktari kuhusu dawa ya kuyazuia miezi 6 ya kwanza. Pombe huingia kwenye damu upesi sana na kukaa muda mrefu, glasi moja ya waragi si ile ya zamani. Kwa ndugu Waislamu, mwaka wa kwanza zungumzeni na daktari kabla ya kufikiria kufunga, maana lita moja na nusu haiingii usiku peke yake katika tumbo la mililita mia.

Kwa wanawake: subirini miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na msijidanganye kwamba haitashika. Uzito ukishuka, hedhi iliyopotea hurudi na mimba huja upesi. Vidonge vya kuzuia mimba havitegemewi baada ya baipasi. Ombeni kijiti au kitanzi.

Karatasi ya pochini

Baada ya ile kliniki, daktari alinisaidia kuandika karatasi. Niliilamisha, iko kwenye pochi yangu, nyingine iko kwa dada na ya tatu iko ukutani kibandani. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili. Inakili ubadilishe panapokuhusu:

"Nimepasuliwa kupunguza tumbo kwa njia ya slivu. Nikitapika au nikichanganyikiwa, nipewe thiamini kwenye mshipa KABLA ya dripu ya glukozi. Nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya maumivu. Nisiingizwe mpira wa tumboni kupitia puani kabla ya kumpigia daktari wangu. Moyo ukizidi 120 au nikiwa na maumivu makali ya tumbo, nipelekwe kwa mpasuaji leo hii, si kesho."

Chini yake kuna tarehe ya upasuaji, jina la daktari na namba yake. Nyuma kuna namba mbili: ya dada, na ya shangazi yangu wa Iganga.